Wahuni Wenye Duka Lao

Mwaka wa 1994 wanamuziki wa panki Marekani waliamka wakapata wamekuwa mali. Green Day walitoa Dookie mwezi wa pili, Offspring wakatoa Smash mwezi wa nne, na ghafla mabosi wa kampuni kubwa za muziki wakawa wanasaka vijana wenye gita za kelele vile makanga husaka abiria saa tano asubuhi gari likiwa tupu. Mwezi wa saba NOFX, bendi ya Los Angeles iliyokuwa inahangaika tangu 1983, wakatoa Punk in Drublic. Walikuwa wameshapiga video ya wimbo mmoja. Wakaamua isipelekwe MTV. Kampuni kubwa zikabisha na mikataba, wakakataa. Mahojiano nayo wakayaacha kwa miaka kadhaa. Albamu ikauza zaidi ya nakala nusu milioni huko kwao hata hivyo.

Hiyo ndiyo hadithi tunayopenda kusimulia sisi tunaopenda bendi hii, na nimeisimulia mara nyingi, mara nyingine kwa watu ambao hawakuwa wameniuliza. Kwetu ukisema panki, watu wengi wanafikiria ile nywele kinyozi anakuachia katikati ya kichwa. Kwa hivyo lazima uanze mbali.

Mimi niliwajulia Umoja, kwa kibanda cha PlayStation. Kila mtu alikuwa anapanga foleni ya mpira, lakini mwenye kibanda alikuwa na CD moja iliyokwaruzwa ya Tony Hawk's Underground, ile gemu ya kuteleza na ubao wa magurudumu. Hatukuwa tumewahi kuona ubao kama huo live, na barabara za mtaa wetu hazingeuruhusu umalize hata mita mbili. Ndani ya gemu kulikuwa na wimbo wa NOFX. Mbio, sauti ya mtu anayeimba kwa pua kama amekasirishwa na mafua, halafu chini ya fujo yote kulikuwa na gita la besi lililokuwa linaimba melodi yake lenyewe. Nilikuwa nalipa pesa ya gemu ndiyo nisikie wimbo, na nikipoteza sijali.

Baadaye nikajua anayeimba na kupiga hilo besi ni mtu mmoja, Fat Mike. Eric Melvin alikuwa kwa gita, Erik Sandin kwa ngoma, na mwaka wa 1991 akaongezeka El Hefe, ambaye anapiga gita na pia tarumbeta. Nikajua pia hawana adabu, na simaanishi adabu ya kusahau kusalimia wazee. Jina la ile albamu ni maneno ya Kiingereza ya kulewa hadharani, herufi zikiwa zimebadilishana viti. Jalada la albamu ya 1996 lina mwanamume na kondoo, na hapo nitanyamaza kwa sababu mamangu husoma vitu nikiandika. Stejini walikuwa wanaweza kupoteza dakika tano wakipiga porojo, wakitukana mashabiki, wakijitukana wenyewe. Dini, polisi, rais, hata panki yenyewe, hakuna kitu walikivulia viatu.

Nimelelewa katika nyumba ambapo mtoto mzuri ni mtoto kimya. Unaelewa basi kwa nini hawa wazee wa California walinishika.

Lakini kuna sehemu ya hadithi nilikuwa naruka kila mara kwa sababu haina kelele. Mwaka wa 1990, miaka minne kabla ya kuwakataa mabosi, Fat Mike na Erin, aliyekuja kuwa mkewe, walianzisha lebo yao inayoitwa Fat Wreck Chords. Walikuwa San Francisco. Wakatoa muziki wa watu wengine, Lagwagon, Propagandhi, No Use for a Name, na polepole ikawa biashara kamili: mauzo kwa posta, fulana, bendi changa zikifunguliwa njia na bendi kubwa kwenye ziara. NOFX wenyewe bado walikuwa chini ya Epitaph, lebo huru ya mpiga gita wa Bad Religion. Kwa hivyo 1994 ilipofika, mtu aliyekuwa anasema hapana alikuwa tayari na duka. Na kabla ya duka kulikuwa na miaka ya kusafiri kwa gari bovu na kulala sakafuni kwa watu, miaka ambayo wao wenyewe wanakiri walikuwa hawajui kupiga vyombo. Kitabu chao cha 2016 hakifichi: Sandin alikuwa mtumwa wa heroini hadi akaacha. Sio picha ya kubandika kwa ukuta.

Nimeyafikiria haya sana mwaka huu kwa sababu bendi yetu, watu wanne na amplifaya moja ya kukopa, imeletewa mkataba. Kampuni ni ya hapa Nairobi, sitaitaja. Wanataka nyimbo zetu ziwe zao kwa miaka kumi. Pia wanataka ubeti mmoja utoke, ule unaomtania diwani wetu na barabara yake ya kokoto inayozinduliwa kila uchaguzi, ndiyo wadhamini wasishtuke. Doo si mbaya.

Mimi nilisema hapana kabla chai haijapoa. Mpiga ngoma wetu, ambaye ana mtoto wa miezi mitatu, akaniangalia tu. "Sawa, tukatae," akasema. "Halafu tutakula kukataa?"

Sikuwa na jibu, na NOFX hawakunisaidia vile nilivyotarajia. Kwa sababu ukifuata pesa zao unaona hapana yao ilikuwa na bima. Mwaka wa 2004 walipotaka kumng'oa George W. Bush, hawakuomba ruhusa kwa mtu. Lebo yao ilitoa albamu mbili za Rock Against Bush, na Fat Mike alikuwa ameshaanzisha Punkvoter kuwahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura. Bush alishinda. Lakini hakuna meneja aliyewaita pembeni kuuliza kama huo ubeti ni lazima.

Na kuna upande mwingine, ambao sisi mashabiki tunaupitia haraka. Mei 2018 wakiwa stejini Las Vegas, walifanya mzaha kuhusu watu waliopigwa risasi katika tamasha la muziki wa country mji huo huo, Oktoba 2017. Watu 58 waliuawa, na wengine wawili wakafa miaka iliyofuata kwa majeraha yao. Mzaha ulikuwa kwamba afadhali walikuwa mashabiki wa country. Kampuni ya bia iliyodhamini tamasha lao ikajitoa, na bendi ikaomba msamaha. Wapo wanaosema panki ni hivyo, ukikubali utundu ukubali wote. Mimi sikubali. Watu wa Pwani na wa Tanzania wanajua utani: mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata matangani, lakini mtani huyo huyo anakuja kuchimba kaburi. NOFX hawakuwa wameshika jembe. Kumcheka rais anayekuzidi nguvu ni kitu kimoja, kumcheka mtu ambaye hajamaliza hata mwaka tangu amzike dadake ni kingine, na kutokuwa na bosi hakukufundishi tofauti hiyo.

Walimaliza mnamo tarehe 6 Oktoba 2024, huko San Pedro, Los Angeles, baada ya ziara ya miaka 40 ya bendi. Niliona vipande kwa simu, picha ikikwama kila bundles zikilegea. Wanaume wenye mvi, wanatukanana bado.

Wiki iliyopita tulikutana tena wanne. Mpiga ngoma alikuja na mtoto mgongoni na karatasi ya hesabu: tukiuza fulana 50 kwa shoo mbili tunaweza kujirekodia nyimbo tatu bila kampuni. Hakusema amekubali. Alisema anataka kuona hesabu ikifanya kazi kwanza, na kampuni imetupa hadi mwisho wa mwezi. Ubeti wa diwani ameuweka nyuma ya fulana, kwa herufi kubwa. Nimeenda River Road kuulizia bei ya kuchapisha. Fundi aliusoma, akacheka, halafu akasema anataka nusu ya pesa mbele.