Kitabu cha Senti Kumi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kipimo hicho wazazi na walimu wengi wamekihukumu kitabu cha hadithi kinachouzwa kando ya barabara kwa bei ndogo, chenye karatasi duni na jalada la picha ya bastola au ya binti anayelia. Lakini kujitembeza huko kuna faida yake. Kitabu kinachokubali kutembea ndicho kinachomfikia askari aliye lindoni, mbali na mji na maktaba zake.

Mfano mmoja watoka Marekani. Mwezi wa Juni 1860, ndugu wawili, Erastus na Irwin Beadle, pamoja na mwenzao Robert Adams, walianza kutoa hadithi ndogo ndogo mjini New York kwa senti 10 kila moja. Ya kwanza ilikuwa Malaeska, ya Bibi Ann S. Stephens, juu ya mwanamke wa kabila la wenyeji wa nchi ile aliyeolewa na mwindaji Mzungu. Kabla ya mwaka kwisha ikafuata Seth Jones, iliyotungwa na Edward S. Ellis, mwalimu kijana wa miaka 20. Mitambo ya mvuke ilipiga chapa upesi, reli ikasafirisha, na shule zilikuwa zimekwisha kuongeza idadi ya wajuao kusoma.

Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Kila aliyepata kuwa kambini anajua kwamba siku za kupigana ni chache kuliko siku za kungoja. Vitabu vya Beadle vilipelekwa kambini kwa marobota, vikapita mkono kwa mkono mpaka vikachakaa. Siri ya mvuto wake haikuwa ngumu. Hadithi ilianza na tukio, haikumtaka msomaji awe msomi, na iliweza kumalizika kabla ya zamu. Ndani yake mnyonge alishinda na mwovu akalipwa. Mtu ambaye kulala na kuamka kwake hupangwa kwa amri alipata saa moja iliyo yake mwenyewe.

Lawama hazikukosekana. Mwaka 1883 Anthony Comstock aliandika kitabu kizima kuonya kwamba hadithi za aina hiyo ni mitego kwa vijana. Hofu yake ilipita kiasi, ila lipo kosa lililokuwa la kweli. Nyingi za hadithi hizo ziliwachora wenyeji wa asili wa Marekani kama wakatili wasio na utu, na vijana wengi wakakua wakiuamini uongo huo. Bei ndogo haikipunguzii kitabu nguvu ya kupotosha, kama isivyokipunguzia nguvu ya kufariji.

Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani haikungoja wachuuzi. Kati ya 1943 na 1947, ikishirikiana na wachapishaji, iliwagawia askari wake bure nakala zipatazo milioni 122 za vitabu 1,322. Vingi vilikuwa na upana uliozidi urefu, vyepesi, vya kutosha mfukoni mwa sare. Humo zilikuwamo hadithi za wachunga ng'ombe na za upelelezi, pamoja na kazi za waandishi wenye sifa kubwa. Bibi Betty Smith, aliyesimulia maisha ya binti wa nyumba maskini huko Brooklyn, alipokea barua nyingi kutoka kwa askari walioiona humo nyumba yao wenyewe. Kijitabu cha mfukoni kilikuwa kimewarudisha kwao kwa muda.

Basi mama anayemwona mwanawe amejificha na hadithi ya bei ndogo, wakati baba yuko doria, asikimbilie kuichana. Mtoto huyo amekwisha kufanya jambo ambalo wengi hulazimishwa kwa fimbo: ameketi, amenyamaza, anasoma. Mama na aisome naye, kisha amwulize ni nani aliyetukanwa humo na kama kweli anastahili. Na baba arudipo likizo, kitabu kingine mfukoni mwake hakitamzidishia mzigo.