Yanga 2, Simba 1

Ijumaa, 9 Agosti 1974
Redio ya Bwana Nyama, ofisa wetu wa wanyamapori, imetangaza asubuhi kwamba Nixon anaachia urais. Kituoni hakuna aliyeinua kichwa. Kesho Simba na Yanga wanakutana Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, fainali ya ligi ya taifa. Marekani isubiri.

Mpishi wetu ni Yanga wa kuzaliwa. Ananikumbusha kila siku kwamba kuanzia 1968 hadi 1972 ubingwa haukutoka Jangwani, na kwamba 1968 walitupiga sisi Simba tano bila, enzi hizo bado tukiitwa Sunderland. Namjibu kwa jina moja tu: Haidari Abeid. Goli lake la Juni mwaka jana lilitosha kuwanyamazisha, na mwaka ukaisha sisi tukiwa mabingwa.

Jumamosi, 10 Agosti
Doria ng'ambo ya mto. Mbung'o wametula vibaya.

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku: Yanga 2, Simba 1, baada ya dakika za nyongeza. Basi. Nani kafunga, lini, hawakusema. Mpishi kapiga sufuria mpaka Bwana Nyama akamwambia, "Endelea tu, utatuitia tembo."

Jumapili, 11 Agosti
Kutwa tumecheza ile mechi kwa midomo. Mpishi anaapa magoli yote mawili ni ya Sunday Manara. Nikamwambia huenda ni kaka yake, Kitwana, au Maulid Dilunga. Ugali umeungua, na wa kulaumiwa eti ni mimi.

Jumatano, 14 Agosti
Lori la kutoka Itigi limeshusha chumvi, mafuta ya taa na gazeti la Uhuru lililokwishapita mikono mingi. Nimelisoma nimesimama. Adam Sabu alitufungia dakika ya 16. Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87. Sunday akamaliza kazi dakika ya 97.

Kwa hiyo kwa dakika 71 kombe lilikuwa letu! Jumamosi ile jioni mimi nafukuza mbung'o, kumbe ni bingwa na sijui.

Dereva, naye Yanga, amenishika bega: "Pole, mtani. Sunday ni noma." Nikamwambia aliyetuua ni Sembuli. Lile la Sunday lilikuta watu wamekwishavunjika moyo. Kusawazishiwa zikiwa zimebaki dakika tatu ndiko kunakolegeza magoti. Akacheka, akaomba maji ya rejeta.

Jumamosi, 17 Agosti
Dereva amerudi kutoka Chunya. Anasema huko kote ni Sunday, Sunday, Sunday; Sembuli hatajwi. Inaniudhi kuliko kufungwa kwenyewe. Mimi ni Simba, lakini haki ya mtu ni haki ya mtu.

Jioni watoto wa kijijini walikuwa wakicheza na mpira wa matambara nyuma ya ghala. Akina Sunday walikuwa sita. Mtoto mdogo kuliko wote kalazimishwa kuwa kipa wa Simba, analia. Nikauliza, "Sembuli ni nani hapa?" Wakatazamana. Nikavua viatu, nikaingia mwenyewe.

Mpishi ameniona nikifunga upande wa Yanga. Tangu wakati huo hajafunga mdomo.