Bili kaletewa baba Kulwa, mshiko anao mama Kulwa

Kuna siku mwanaume unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Yangu ilinikuta Jumamosi iliyopita saa tatu usiku, hapa hapa Tabora mjini, nikiwa nimeshiba ndi, nimetinga shati lililopigwa pasi mara mbili.

Basi bwana, mimi na mama Kulwa tulikuwa tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Si mchezo, hasa huu mwaka wa mwisho. Kazini kwetu kwenye tumbaku walipunguza watu, na jina langu lilikuwa la nne kwenye orodha. Tangu hapo mimi ni ukapa, ile mbaya. Chakula, umeme, madaftari ya akina Kulwa na Doto, vyote vinatoka kwenye asali anayouza mama yao sokoni. Lakini nyumbani hatulisemi. Wageni wakija ananiambia kwa sauti, "Baba Kulwa, naomba hela ya soda," wakati hiyo hela kanipa mwenyewe chumbani dakika tano zilizopita.

Wazo la kutoka lilikuwa lake. Alisikia kuna mgahawa mpya wa bufee, bei moja, unajipakulia mwenyewe mpaka uchoke. Sisi wengine tumezoea kwa mama ntilie. Pale mwiko anashika yeye, na ukitaka mchuzi wa nyongeza sharti ubembeleze. Hapa kichwa kimoja ni shilingi 20,000! Nikapiga hesabu ya haraka: sahani nane za wali maharage.

"Tutakula nyumbani," nikasema.

"Nyumbani tumekula miaka 10," akanijibu. "Vaa viatu."

Watoto tukawaacha kwa shangazi yao, tukapanda bajaji. Mama Kulwa alikuwa na lile gauni la kijani la harusi ya mdogo wake. Mtoto kapendeza, sikufichi.

Ndani, meza ndefu yenye masufuria yanayong'aa, kila moja na moto wake chini. Pilau, ndizi, samaki, kuku wa kienyeji, chipsi, mpaka makaroni. Mimi nikajenga mlima. Wali chini, kuku juu, samaki kiguzo cha pembeni. Mlimbwende mmoja wa meza ya jirani akanitazama kama anayetazama ajali. Baadaye ndipo nikaona wajanja wanapakua kidogo kidogo na kurudi mara tatu, hawana presha. Kumbe ndiyo ustaarabu wenyewe.

Mama Kulwa karudi na nini? Michembe! Viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, vikapikwa kwa karanga, chakula cha kwao na cha kwetu.

"Elfu 20 nzima unakula michembe?"

"Nikiwa shuleni nilikuwa naificha, nachekwa wa kijijini. Leo imewekewa mpaka moto wake. Niache niile mbele za watu."

Ukutani mbele yetu palikuwa na picha kubwa ya msafara: wapagazi wamejipanga, meno ya tembo mabegani. Kwetu Unyamwezi hiyo ndiyo fahari. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta wafanyabiashara Waarabu wameshaweka makazi Kazeh. Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara, hapo jirani tu, mwaka 1872. Na babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Mzigo wa kilo 30 na zaidi mpaka pwani, kwa miguu, miezi na miezi. Nikamsimulia mama Kulwa kwa madaha, kama vile niliubeba mimi.

Akasikiliza, halafu akauliza, "Wanawake wako wapi?"

"Walikuwepo. Wengine walifuatana na misafara, wamebeba vyungu na watoto. Waliobaki walilima."

"Kwa hiyo miezi yote hiyo nyumbani walikula jasho la mwanamke."

"Ndiyo."

"Na akirudi na kitambaa chake cha merikani, kijiji kizima kinamshangilia yeye."

"Enhe."

Akaendelea na michembe yake. Hakusema zaidi. Mimi kuku akaanza kunikwama.

Ndipo mhudumu akaja na bili. Shilingi 46,000 pamoja na juisi. Akaiweka wapi? Mbele yangu, bila kuuliza. Mfukoni mwangu mlikuwa na shilingi 3,000 na funguo.

Nikahisi kitu kinanigusa goti. Mkono wa mama Kulwa, chini ya meza, noti tano za elfu kumi kumi zimekunjwa zikawa ndogo kama kiberiti. Uso wake unatazama pembeni, anazuga anaangalia keki. Uzoefu huo ni wa mwaka mzima.

Nikautazama ule mkono. Nikatazama picha ukutani. Nikausukuma taratibu.

"Lipa wewe."

"Baba Kulwa, watu wanatuona."

"Watuone. Hela ni yako."

Nikaichukua bili, nikaiweka upande wake. Akanitazama kitambo, kama anayeuliza kama nimelewa juisi. Kisha akazikunjua zile noti juu ya meza, akazihesabu moja moja, polepole, kama anavyohesabu sokoni jioni. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo.

Chenji mhudumu akaniletea mimi! Mazoea yana taabu. Nikaisogeza upande wa pili.

Tabora haina siri. Jumatatu nafika kijiweni, habari imenitangulia.

"Mzee, tumesikia juzi umelishwa na mkeo!"

"Siyo juzi tu," nikawajibu. "Mwaka mzima."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikacheka nao, maana uzito ulikuwa umeshashuka. Lakini wakati wa kuondoka, mmoja wao, tena yule aliyecheka kuliko wote, akanivuta pembeni.

"Hivi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wewe ulianzaje kumwambia?"