Kurudi, Kurudishwa

Neno return kamusi hulimaliza kwa mkato: rudi, rejea, rudisha. Inatosha kama unarudisha kitabu maktaba. Kwa sisi watu wa Ngara na Biharamulo haitoshi hata kidogo.

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Mwezi uliopita niliandika ubaoni: the return of the refugees. Nusu ya darasa wakatafsiri "kurudi kwa wakimbizi", nusu "kurudishwa kwa wakimbizi", kisha wakaanza kubishana nani apewe vema. Niliwapa wote, maana kisarufi wako sawa. Lakini ilibidi niwasimulie, kwa sababu kwao 1996 ni kama enzi za Mjerumani.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Benaco, hapo Ngara, pakageuka mji wa mahema. Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR wakatoa tamko la pamoja: Wanyarwanda wote wanatarajiwa "ku-return" ifikapo tarehe 31 mwezi huo. (Hilo "wanatarajiwa" nalo lina mambo yake, tuliache.) Wengi wakafungasha, wakashika njia ya mashariki, kuingia ndani zaidi ya Tanzania. Askari wakawageuza. Kufikia mwisho wa mwaka karibu nusu milioni walikuwa wamevuka tena daraja lile lile, na tukio zima likaitwa return.

Sikisingizii Kiingereza, kinaweza kusema were returned kikitaka. Ila kinakupa pa kujificha: the return, jina tupu, hujui nani kafanya nini. Kiswahili hakikuachii hivyo. Ukishashika mzizi rud- inabidi uchague, na ukiweka -ishw- tu, tayari kuna mtu mwingine ndani ya sentensi, mwenye amri, hata kama hukumtaja. Ndiyo maana napenda tafsiri: inamlazimisha mtu aseme.

Majirani zetu wa Burundi na Rwanda wana gutaha, kwenda nyumbani, kama mtu anavyotoka shambani jioni. Neno tamu. Huwezi kulitumia mtu akiwa anaswagwa.

Kuna na jambo jingine, hili Kiswahili chenyewe kinakwama. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo walioishi huku miaka mingi, na wengine waliozaliwa huku huku. Nao tukasema "wamerudishwa kwao". Sasa hapo kurudi kuko wapi? Ili urudi mahali, si lazima uwe umewahi kutoka hapo?

Kwenye daftari langu la tafsiri, mbele ya return, nimeongeza kwa kalamu: kupelekwa.