Njia ya Mina al Fahal

Wengi wetu tunaoishi Maskati twaijua Mina al Fahal kwa mafuta yake. Ukitoka Ruwi kwa gari kuelekea Qurum, ukapita Wattayah huku milima mikavu ikikuandama kushoto na kulia, kisha ukakata kuelekea pwani, utaziona meli kubwa zimetia nanga mbali, upande wa kisiwa cha Fahal kilichoipa bandari hiyo jina lake. Hapo zamani paliitwa Saih al Malih, na hapo ndipo shehena ya kwanza ya mafuta ya Oman ilipopakiwa mwaka 1967. Lakini kwa mwenye mgonjwa, Mina al Fahal ni jina la jambo jingine. Ni Hospitali ya Khoula, iliyofunguliwa katika miaka ya 1970, ambako hupelekwa majeruhi wa ajali, walioungua moto, na watoto wanaohitaji kurekebishwa maumbile. Mwaka huu njia hiyo tumeipita mara nyingi kwa ajili ya binti yetu, nami naona ni wajibu kuwasimulia wenzangu tuliyoyaona.

Mtoto wetu alizaliwa na ufa katika kaakaa. Midomo yake ilikuwa mizima, kwa hiyo siku ya kwanza hakuna aliyetambua. Siku ya pili, maziwa yalipomtoka puani, muuguzi alimulika tochi kinywani, akatuita tutazame. Duniani kote, takriban mtoto 1 katika kila 700 huzaliwa na ufa wa mdomo au wa kaakaa. Kaakaa hujengeka kwa pande mbili zinazosogeleana hadi zikakutana, na kazi hiyo humalizika mimba ifikapo kama wiki ya 12. Zisipokutana, ufa hubaki. Haukuletwa na kijicho, wala na tamaa ya chakula ya mjamzito, wala na dhambi ya mtu. Nayataja haya waziwazi kwa sababu mke wangu aliulizwa yote matatu, barazani na katika simu.

Kulisha kulikuwa kugumu, lakini lililotuuma zaidi lilikuja baadaye, mtoto alipoanza kutamka. Sauti za m na n hupitia puani, hivyo hazina haja ya kaakaa zima. Sauti za b, d, k na g hutaka pumzi ibanwe kinywani, na pumzi ya mwanangu ilikuwa ikivuja. Neno "mama" alilisema vizuri. "Baba" nalo likatoka "mama", na "bibi" likatoka "mimi". Kila Ijumaa mama yangu hupiga simu kutoka Wete, na mtoto alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili na kupaza sauti, "Mimi! Mimi!" Bibi yake alicheka na kumjibu, "Ndiyo mwanangu, wewe!" Hakujua kwamba ni yeye aliyekuwa akiitwa. Ama "kaka", lilikuwa mikwamo miwili tu ya koo. Jirani yetu Mwarabu alimsifu kuwa anaitamka hamza kama mtoto wa Kiarabu. Kumbe koo lilikuwa likifanya kazi ya kaakaa.

Wazee waliotutangulia hapa hutukumbusha kwamba kabla ya mwaka 1970 tegemeo kubwa la wagonjwa wa mji huu lilikuwa hospitali ya misheni ya Wamarekani huko Mutrah, alikohudumu Daktari Wells Thoms kwa takriban miaka 30. Usiku malango ya Maskati yalifungwa, na mtembezi alitakiwa abebe taa. Nikiyakumbuka hayo, hainiwii vigumu kuivumilia foleni ya magari ya asubuhi.

Mtoto alipotimiza miezi 16 tuliitwa. Alfajiri hiyo hakuruhusiwa kula, maana tumbo lenye chakula ni hatari kwa anayetiwa nusu kaputi. Alilia njia nzima akitaka maziwa, na mama yake alilia naye. Wodini tulikuta familia za Batinah na Sharqiyah, na wauguzi wa mataifa mbalimbali. Nilikuwa nikimnong'oneza mtoto maneno ya kumtuliza, mara muuguzi mmoja wa makamo akanijibu kwa Kiswahili safi: "Usiwe na hofu, baba. Tutamtunza." Kwa hakika lugha yetu ina wenyewe wengi katika nchi hii, lakini siku ile niliisikia kama mkono uliowekwa begani.

Upasuaji ulichukua karibu saa mbili. Daktari alitueleza kwamba nyama za kaakaa huachanishwa na mfupa pande zote mbili, misuli yake hurejeshwa mahali pake, kisha hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Kadhalika alitiwa vijibomba vidogo masikioni, maana watoto wenye ufa huu hukusanya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio na kusikia kwao hupungua.

Usiku wa kwanza ulikuwa mrefu. Mate yake yalichanganyika na damu, sauti ilikauka, na mikono ilivishwa mifuko migumu ili asitie vidole kinywani. Hakuruhusiwa kijiko, chupa wala mrija. Kwa wiki tatu alikunywa kwa kikombe cha wazi: uji mwepesi, laban, na shurba iliyochujwa. Majirani walituletea halua, tukaila sisi wakubwa, naye akitutazama kwa hasira.

Kilichobaki ni kazi ya nyumbani, nayo ndiyo ndefu. Mimi na mke wangu tuliulizana kama ingefaa kuacha Kiswahili, ili mtoto asielemewe na Kiarabu cha nje, Kiingereza cha shule na chetu cha nyumbani. Mtaalamu wa matamshi alitujibu: semeni naye kwa lugha inayowatoka wenyewe bila kuitafuta, kwa kuwa mtoto hujifunza kutokana na wingi wa mazungumzo. Ndipo tulipotambua utajiri tulio nao. Baba, babu, bibi, dada, kaka: majina ya ukoo wetu ndiyo mazoezi yenyewe. Huwekwa kioo kidogo chini ya pua, mtoto akasema "ba". Kioo kikiingia ukungu, pumzi ingali inavuja.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji kioo kilibaki kikavu. Sauti ya s bado humtoka puani, na huenda safari za Mina al Fahal zikaendelea kwa miaka. Lakini simu ya Ijumaa sasa huchukua muda mrefu, na bibi yake huitwa bibi.

Nawausia wazazi wenzangu: mtoto mchanga akitokwa na maziwa puani, ombeni kaakaa limulikwe siku hiyo hiyo. Na aliyejaliwa mtoto wa namna hii asimfiche ndani. Mleteni barazani, mpeni simu ashike, msemesheni. Daktari hushona kaakaa, lakini maneno yatatoka kwetu.