Vidonge Katika Pindo la Khanga

Mwaka 2008 nilikuwa nalima mpunga upande wa Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero. Watu wengi wa Ifakara hufanya hivyo. Tunahamia shambani miezi kadhaa. Tunalala vibandani, tunafukuza ndege na nguruwe. Mbu hatuwezi kuwafukuza.

Nilipata homa. Zahanati walinipa dawa mseto, vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Nilipomeza 12 homa ilishuka. Vilivyobaki nilivifunga katika pindo la khanga. Zahanati ilikuwa mbali. Nilisema moyoni, hii ni akiba ya mwanangu.

Usiku mmoja mtoto akashikwa na homa. Nikampa kidonge kimoja, asubuhi kingine. Mchana akaanza kutetemeka, macho yakageuka. Nikambeba mbio hadi kivukoni. Daraja lilikuwa bado halijajengwa, na pantoni ilikuwa upande wa pili. Kungoja kule sitakusahau.

Mganga aliuliza, "Mama, umempa dawa yoyote?"

"Hapana, bwana mganga." Niliogopa kugombezwa.

Alimtoboa kidole, akatazama damu kwa darubini, akaona vijidudu vya malaria. Darubini huonyesha vijidudu, haionyeshi dawa. Uongo wangu ukapita. Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano za kwinini, akapona.

Baadaye mwalimu wetu wa kisomo alitueleza habari za uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009. Wagonjwa 148 wa malaria wa Tanzania walitolewa damu kabla ya kutibiwa. Damu hiyo ilipimwa Uswisi, kwa mashine inayotambua kila dawa kwa uzito wa chembe zake, hata ikiwa kidogo mno. Karibu watatu katika kila wanne walikutwa na dawa ya malaria tayari mwilini.

"Ubaya wake nini?" akauliza mzee mmoja.

Mwalimu alijibu kwamba dawa kidogo huua vijidudu dhaifu tu. Vile sugu hubaki, vikazaana. Klorokwini nayo ilizoewa na vijidudu, ikaachwa mwaka 2001. (Mimi sikuisikitikia, ilikuwa ikiniwasha mwili mzima.)

Kisha akauliza nani ana vidonge vya akiba nyumbani. Hakuna aliyeinua mkono.

Jioni nilifungua kopo langu. Vilikuwamo 10. Kesho yake nilivipeleka zahanati. Mganga akauliza, "Vya nani hivi?"

Nikamwambia.