Na Huyu ni Nani?

Likizo moja, tukiwa bado wanafunzi wa chuo cha theolojia, sisi wawili tulikwenda Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, tukatafuta ada kwa kuwatembeza wageni. Kazi tuliipenda. Asubuhi ghuba ile hutulia, ngalawa zikirudi kutoka kuvua, na maji yakipwa mikoko husimama peke yake matopeni. Tuliwaonyesha wageni Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, milango ya nakshi, na jengo liitwalo soko la watumwa. Tulimalizia kwa habari za Livingstone, aliyetua hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Kila kundi tulilipokea kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku moja tulikuwa na wageni wanne kutoka Ulaya. Pale ufukweni akatujia mama mmoja, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Alikuwa ameshuka basi mahali pasipo pake. Akatuuliza njia ya kwenda kwa ndugu zake, akaomba na maji ya kunywa. Tukamjibu, "Subiri kidogo, mama, tuna wageni." Tukaendelea kumsimulia Livingstone, ambaye naye alitua hapo akiwa mgeni, akiwategemea wenyeji. Tuliporudi, mama hakuwapo.

Tulimkuta barazani kwa mzee mmoja mvuvi. Amekaa jamvini, mtoto amelala, mbele yake muhogo na samaki. Mzee yule alikuwa Mwislamu, naye alijua kwamba tunasomea uchungaji. Tulimwomba mama radhi, kisha kwa aibu tukajitetea, "Babu, tulikuwa na wageni."

Akatutazama, akauliza kwa upole, "Na huyu, wanangu, ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Muhula uleule tulikuwa tumefanya mtihani juu ya mfano wa Msamaria Mwema, na tulifaulu vizuri. Kumbe darasani tulimfahamu Msamaria, na ufukweni tukawa kuhani na Mlawi.

Wapendwa, imepita miaka zaidi ya ishirini, na tungependa kusema kwamba tumepona. Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, wageni wanaposimama kujitambulisha, bado macho yetu hukimbilia kwanza kwa aliyekuja na gari. Huyo hupata kiti cha mbele na, baada ya ibada, chai ofisini. Aliyeingia na kandambili akakaa benchi la mwisho hutoka bila mtu kumuuliza jina. Yakobo aliliona jambo hili katika kanisa la kwanza, nasi tunalisoma kana kwamba aliwaandikia wengine.

Tumekubaliana na wazee wa kanisa usharikani petu kwamba mmoja wao akae karibu na mlango hadi ibada iishe, na asiondoke kabla hajasalimiana na wa benchi la mwisho. Ni jambo dogo. Wako waliokuja mara moja tu, wako waliorudi, na wako waliotueleza mizigo ambayo tusingeijua kamwe.

Methali ile tuliitamka kila siku, tukidhani kupona kwa mwenyeji ni bakshishi. Siku Bwana alipotuletea mgeni wa kutuponya, tulimwambia asubiri. Yeye atusamehe, na Jumapili ijayo atufumbue macho.